Ghala limejaa, mfumo unasema hakuna: kutatua matatizo ya upeo wa muda katika ukaguzi wa stoku

Mtu wa mauzo anapiga simu. Mteja wake anataka vipande 40, rafu anaiona kwa macho yake ina 120, lakini skrini imemwandikia 10. Saa hiyohiyo mwenzake wa bidhaa nyingine ameruhusiwa kuahidi vipande 500 vya kesho, na ghalani hakuna hata kimoja. Wote wawili watakuja kwako wewe mpangaji, na wote watasema programu imeharibika. Mara nyingi haijaharibika. Inafuata namba ulizoiwekea, au alizoziweka aliyekalia kiti hicho kabla yako: itazame mbele siku ngapi, na nyuma siku ngapi.

Ukaguzi wa stoku hapa si kuhesabu rafu, ni hesabu ambayo programu hufanya kabla ya kumwahidi mteja bidhaa. Kila programu ina majina yake kwa namba hizo. Hapa nitaziita hivi. Upeo wa mbele ni siku ambazo mfumo unazikagua kuanzia leo. Dirisha la nyuma la mahitaji ni umri wa juu wa oda ya mauzo iliyochelewa ambayo bado inahesabiwa. Dirisha la nyuma la mapokezi ni umri wa juu wa mzigo uliochelewa ambao bado unategemewa. Ya nne ni siku za kusogeza: mzigo uliochelewa uchukuliwe kwamba utafika lini, leo au baada ya siku kadhaa. Kati ya programu kubwa za kuendesha biashara, SAP hutumia muda wa kujaza ghala (siku kuanzia kuagiza hadi bidhaa kuwa tayari kuuzwa) kama upeo wa mbele; Dynamics 365 na Oracle zina visanduku vya siku unavyojaza mwenyewe. Jina lisikusumbue, hesabu haibadiliki sana.

Anza na namba ya kipuuzi

Kabla hujagusa mpangilio wowote, fungua oda mpya ya mauzo kwa bidhaa yenye shida, andika vipande 999,999, omba vya leo, kisha tazama tarehe inayorudi. Usihifadhi. Wala usiiache skrini wazi ukaenda mkutanoni: mifumo mingine hushikilia kiasi ulichoandika kwa muda wote oda iko wazi, na wenzako watakuta bidhaa imekauka bila kumjua aliyeikausha.

Ikirudi tarehe moja ya mbele ikiwa na kiasi chote, hapo ndipo upeo wako unapoishia. Mfumo umeangalia stoku na mapokezi hadi siku hiyo, ukaona havitoshi, ukajisemea kwamba kuanzia hapo muda wa kuagiza kiasi chochote upo. Hesabu siku kutoka leo. Kama uliandika 30 ukitegemea mwezi mmoja na tarehe iliyorudi ni siku ya 42, umepata jibu la malalamiko mengi kwa mkupuo: kisanduku kile kinahesabu siku za kazi, wewe ulichapa siku za kalenda. Siku 30 za kazi kwa wiki ya siku tano ni wiki sita kamili.

Isiporudi tarehe yoyote, mfumo haujaruhusiwa kudhani chochote kuhusu mzigo ambao haujaagizwa. Unaahidi kutokana na kilichopo na kilichokwisha kuagizwa, basi. Kwenye SAP hiyo ni tiki moja katika mpangilio wa mawanda ya ukaguzi (orodha ya vitu ambavyo ukaguzi unavihesabu), ile inayosema ukaguzi ufanyike bila muda wa kujaza ghala. Si kosa. Kwa bidhaa ambayo msambazaji wake hana uhakika, mimi huiacha hivyo makusudi.

Ikirudi tarehe ya leo kwa vipande 999,999, hakuna ukaguzi unaofanyika kabisa. Usipoteze muda kwenye upeo. Nenda kwenye rekodi ya bidhaa uangalie kundi la ukaguzi iliyopangiwa, yaani ikaguliwe vipi au isikaguliwe, au kama mtu aliiweka katika aina isiyokaguliwa, kama zinavyowekwa huduma na ada za usafirishaji.

Dalili: stoku ipo, mfumo unasema haipo

Hii ndiyo inayoleta kelele nyingi, na haitatuliki kwa kutazama skrini ya ukaguzi peke yake. Chukua karatasi au lahajedwali, uandike kila kinachoingia na kinachotoka kwa tarehe. Chukulia bidhaa ile ya mwanzo, leo ikiwa siku ya 0:

| Siku | Kinachotokea | Salio |
|---|---|---|
| 0 | Stoku ghalani | 120 |
| 2 | Oda ya mauzo, zinatoka 30 | 90 |
| 9 | Oda ya mauzo, zinatoka 80 | 10 |
| 12 | Mzigo wa manunuzi, zinaingia 200 | 210 |
| 15 | Oda ya mauzo, zinatoka 50 | 160 |

Mteja mpya anataka 40 leo. Rafu ina 120, lakini ukimpa 40, siku ya 9 salio linakuwa hasi 30 na mteja wa 80 anabaki analalamika. Kwa hiyo kinachoweza kuahidiwa leo ni salio la chini kabisa kuanzia leo kwenda mbele, yaani 10. Kuanzia siku ya 12 kinapanda hadi 160, si 210, kwa sababu zile 50 za siku ya 15 zina mwenyewe. Mfumo ulioandika 10 haukukosea hata kipande kimoja. Mtu wa mauzo anaona rafu. Mfumo unaona rafu pamoja na foleni iliyo mbele yake.

Sasa tuguse upeo. Tuseme upeo wa mbele ni siku 7. Oda ya siku ya 9 haionekani tena. Salio la chini kati ya siku ya 0 na ya 7 ni 90, mteja anaahidiwa 40 papo hapo, na kila mtu anafurahi. Je, hilo ni sahihi au ni wizi? Inategemea kitu kimoja tu: ukiagiza leo, mzigo mpya unachukua siku ngapi kufika na kuwa tayari kuuzwa? Kama ni siku 7, upeo wa 7 uko sawa. Utaagiza 30 leo, zitafika siku ya 7, na mteja wa siku ya 9 hatajua kwamba kuna lililotokea. Kama ni siku 20, umemnyang'anya mteja mmoja ukampa mwingine, na taarifa utaipata siku ya 9 asubuhi.

Ndiyo maana namfanyia ukaidi mtu anayeniomba nipunguze upeo "ili oda zipite". Kazi ya upeo si kulegeza wala kukaza mauzo. Ni urefu wa kipindi ambacho huwezi tena kufanya lolote kuhusu stoku, zaidi ya kugawana iliyopo. Kipindi hicho kikiwa siku 20, kisanduku kiandikwe 20, hata kama namba hiyo inaudhi.

Na kosa la kinyume lipo pia. Upeo wa siku 120 kwa bidhaa inayofika ndani ya 20 hufanya mfumo uikatalie oda ya leo kwa sababu ya mteja wa karibu miezi minne ijayo, ambaye kuna nafasi ya kumwagizia mara kadhaa. Dalili yake ni hii: bidhaa inayokwenda haraka, ghala limefurika, ahadi zote za mbali, na ukiandika jedwali unakuta salio la chini liko mbali sana mbele.

Katika kujumlisha hizo siku 20, watu huteleza mahali pawili. Kwanza, siku za aina mbili huchanganywa. Kwenye SAP muda wa msambazaji kuleta bidhaa huandikwa kwa siku za kalenda, ilhali muda wa idara ya manunuzi kushughulikia oda na muda wa kupokea na kukagua mzigo huandikwa kwa siku za kazi. Ukijumlisha 14, 2 na 3 ukapata 19, hizo 19 si siku za aina yoyote. Pili, kwa bidhaa mnayotengeneza wenyewe, muda wa kiwandani ni kipande cha mwisho tu cha safari. Mashine inaweza kumaliza kazi kwa siku 3, lakini kama kifungashio kinaagizwa kwa siku 35, njia ndefu zaidi ni 38 na ndiyo unayopaswa kuandika katika kisanduku cha muda wote wa kujaza. Ukikiacha kitupu, SAP huchukua muda wa utengenezaji na wa kupokea peke yake, na utaahidi kana kwamba vifungashio vinaota stoo.

Kama jedwali lako la mkono, kwa upeo uleule wa mfumo, linatoa 90 na mfumo bado unasema 10, tatizo si upeo. Angalia haraka: stoku iliyozuiwa au inayosubiri ukaguzi wa ubora, stoku iliyo katika ghala lingine lisilohusika na oda hiyo, kiasi cha akiba ya tahadhari ambacho ukaguzi umeambiwa usikiguse, na utabiri wa mauzo unaohesabiwa kama mahitaji halisi. Hili la mwisho hujificha sana, maana utabiri hauna jina la mteja.

Dalili: mfumo unaahidi kisichokuwepo

Hapa geuka utazame nyuma. Endelea na bidhaa ileile, upeo wa mbele ukiwa siku 20, kisha ongeza mambo mawili ambayo skrini nyingi huyafunika. Kuna oda ya manunuzi ya vipande 60 iliyotakiwa kufika siku 18 zilizopita na haijafika. Kuna oda ya mauzo ya vipande 25 iliyotakiwa kutoka siku 12 zilizopita na haijatoka, labda kwa sababu malipo yamesimama.

Tuseme dirisha la nyuma la mapokezi ni siku 30, siku za kusogeza ni 0, na dirisha la nyuma la mahitaji ni siku 10. Mzigo wa siku 18 uko ndani ya dirisha, kwa hiyo mfumo unauhesabu, tena kana kwamba unashuka leo. Oda ya mauzo ya siku 12 imetoka nje ya dirisha lake, kwa hiyo mfumo umemsahau mteja huyo. Badala ya 10, skrini inasema 70 zinapatikana leo. Ukihesabu kwa ukweli, bila mzigo usiojulikana uliko na pamoja na mteja aliyesahauliwa, salio la chini ni hasi 15. Umeambiwa uuze 70 wakati tayari unadaiwa 15.

Madirisha haya mawili watu huyajaza namba moja kwa kupenda ulinganifu. Hayafanani hata kidogo. Mteja aliyechelewa kupewa bado anadai, awe wa wiki mbili au wa miezi mitatu. Ombi lake haliozi kwa umri. Mzigo uliochelewa ni kinyume, kila siku inayopita inapunguza sababu ya kuuamini. Kwa hiyo dirisha la mahitaji liwe refu kuliko oda ya zamani zaidi iliyo wazi, na la mapokezi liwe fupi. Mimi huanza na siku chache tu kwa mapokezi, na siku za kusogeza zisiwe sifuri. Mzigo uliopaswa kufika jana, ambao hata hati zake hujaziona, hauwezi kuwa unashuka leo mchana.

Ila usitibu kwa dirisha kile kinachotakiwa kutibiwa kwa ufagio. Toa orodha ya oda zote za manunuzi zenye tarehe iliyopita, kaa na mtu wa manunuzi, mpitie mstari kwa mstari. Nilipofanya hivi mara ya kwanza mahali fulani, zaidi ya nusu ya mistari ile ilikuwa mabaki: umeagiza 1,000, zimekuja 988, na zile 12 zimebaki wazi kwa sababu hakuna aliyefunga oda. Kila moja ilikuwa ndogo. Zote pamoja zilikuwa zinauza bidhaa hewa kila asubuhi. Nyingine zilikuwa mizigo inayokuja kweli ila tarehe haikusahihishwa, na hizo dawa yake ni kuandika tarehe mpya. Fungeni mabaki, sahihisheni tarehe, ndipo mrudi kwenye madirisha. Mara nyingine hakutabaki cha kubadilisha.

Dalili: tarehe inakimbia

Mteja aliahidiwa siku 20 kuanzia leo. Kesho ukaguzi ukirudiwa, tarehe imesogea siku moja. Keshokutwa tena. Ni kama upeo wa macho baharini, unavyousogelea nao unasogea.

Kinachotokea ni kwamba ahadi ile ilitoka kwenye mwisho wa upeo, si kwenye mzigo wowote. Mfumo ulisema: ukiagiza leo, zitafika baada ya siku 20. Hakuna aliyeagiza. Siku ya pili unasema maneno yaleyale, na siku 20 zinaanza kuhesabiwa upya.

Usirefushe wala kufupisha upeo hapa. Uliza swali moja: je, oda hii ya mauzo inaonekana kwenye upangaji wa manunuzi? Fungua orodha ya mahitaji ya bidhaa hiyo. Kama oda haimo, mpangilio wa kuhamisha mahitaji, yaani kupeleka oda za mauzo kwenye upangaji, umezimwa kwa aina hiyo ya oda, na ukiuwasha tatizo linaisha. Kama imo na pendekezo la kuagiza lipo, kuna mtu ambaye hajaligeuza kuwa oda, na hilo unalimaliza kwa kumwendea mezani kwake. Kama imo lakini pendekezo halipo, endelea na dalili inayofuata.

Dalili: shimo katikati

Ukichora upatikanaji kwa siku, mwanzoni pako sawa, kisha kuanzia siku fulani panakuwa patupu, halafu ghafla mwishoni kila kitu kinapatikana bila kikomo. Hapo upeo wa ukaguzi umepita upeo wa upangaji. Tuseme upangaji wa usiku hutengeneza mapendekezo ya siku 60 zijazo, na ukaguzi unatazama siku 90. Kati ya siku ya 61 na ya 90 mahitaji yapo, mapendekezo hayapo, kwa sababu hakuna aliyeuambia mfumo uyatengeneze. Upeo wa upangaji uwe sawa na wa ukaguzi au uuzidi. Angalia pia kama ukaguzi umeruhusiwa kuhesabu mapendekezo, maana kwenye mifumo mingine hilo ni tiki ya pembeni na bila hiyo huhesabiwa oda zilizothibitishwa tu.

Kama pana kipindi kilichogandishwa, ambacho mfumo hauruhusiwi kuweka mapendekezo mapya, utaona mapendekezo yote yamerundikana siku moja, siku ya kwanza baada ya kipindi hicho. Hilo ni tabia yake ya kawaida. Tatizo ni pale kipindi kilichogandishwa kinapozidi muda halisi wa kuagiza. Ahadi zako zitachelewa kwa tofauti hiyo bila sababu yoyote ya ghalani.

Dalili: watu wawili, majibu mawili

Mmoja amekagua saa nne asubuhi, mwingine saa kumi jioni baada ya saa ya mwisho ya kupokea oda. Au mmoja anatazama moja kwa moja na mwingine anatazama picha ya upangaji wa jana usiku. Au oda zimepangiwa maghala tofauti yenye kalenda tofauti. Linganisha vitu hivyo vitatu kabla ya kufungua tiketi kwa watu wa teknolojia.

Dalili: ukaguzi unachukua dakika nzima

Upeo wa siku 365 unaohesabiwa siku kwa siku ni mistari 365 kwa kila bidhaa, na oda ya mistari 200 inazidisha hiyo mara 200. Rudisha upeo kwenye muda halisi wa kujaza, na kwa kawaida kasi hurudi nao.

Ukishajua namba ya kubadilisha

Usiibadilishe kwa kampuni nzima, hata kama kisanduku cha jumla kinakutazama hapo juu ya skrini. Muda wa kujaza wa boliti si muda wa kujaza wa mota. Chagua bidhaa chache zinazolalamikiwa, andika namba ya zamani na mpya pamoja na tarehe, kisha rudia jaribio la vipande 999,999 kwa kila moja uhakikishe mwisho wa upeo umehamia ulipokusudia.

Kumbuka oda zilizokwisha kuahidiwa hazijikagui zenyewe. Zinabaki na tarehe za zamani hadi uziendeshee upya zoezi la kugawa stoku kwa oda zinazosubiri. Ukiziendesha zote usiku mmoja, asubuhi wateja mia watapokea tarehe mpya, na baadhi zitakuwa mbaya zaidi kwa sababu za awali zilikuwa za uongo. Endesha kwanza katika hali ya majaribio isiyohifadhi, toa orodha ya oda ambazo tarehe itasogea mbele, uwape watu wa mauzo wawapigie wateja hao kabla barua pepe ya mfumo haijawafikia.